Alama ya Reli

Saa nne usiku, ofisi ya ushirika, Moshi,
nyuma ya ghala la kahawa.
Seva inakoroma chini ya meza
juu ya matofali mawili;
masika ya mwaka juzi yaliifunza.

Mzee Kundaeli kastaafu Ijumaa.
Kaniachia funguo, kikombe chenye ufa,
na faili la mipangilio, mistari sitini na kitu,
karibu yote imefungwa kwa alama ya reli.

Vyuma viwili, mataruma mawili.
Mashine ikiikuta mwanzoni mwa mstari
huupita mstari mzima,
kama garimoshi la mizigo lisilosimama Kahe.

Moduli zimelala humo kwa foleni:
ya hifadhidata, ya kubana mafaili,
ya kumfukuza anayekosea nywila mara tatu,
na ya usimbaji, ninayoitaka mimi.
Mnunuzi amegoma:
majedwali ya uonjaji hayapokei yakija uchi.

Mbona mzee hakuzifungua tangu awali?
Nikaukumbuka mfongo wa kwetu Kibosho.
Maji hayafunguliwi kwa kuwa yapo.
Hufunguliwa shamba lenye zamu,
kwingine unaziba kwa udongo na gogo la mgomba.
Nikamsifu moyoni. Mtu wa busara.

Nafuta alama moja. Moja tu.
Najaribu kabla sijawasha upya:
*mstari wa ishirini na saba, moduli haionekani.*

Mlango nimefungua, chumba hakijajengwa.
Kifurushi chake hakijawahi kusakinishwa,
na mtandao usiku huu unatembea kwa magoti.
Asilimia nane.
Kumi na moja.
Mama Anaeli wa zamu ya ghala anachungulia:
"Bado unaongea na hilo friji?"
Namwambia linajibu. Anacheka, ananimiminia chai.

Mia.
Najaribu tena. Sasa linalalamikia cheti:
njia niliyoandika ina herufi moja ya ziada.
Naing'oa.
Kimya.
Katika kazi hii kimya ndiyo vigelegele.

Saa sita kasoro faili la kwanza linapita, limevaa.
Sampuli ya kumi na nne: limau, sukari guru,
ladha haikimbii ulimini.

Nateremka hadi mwisho wa faili
kuhakikisha sijaacha kitu wazi,
na huko chini, nyuma ya alama ya reli,
mwandiko wa mzee, tarehe ya miaka kumi na tano nyuma:

*# hizi nyingine sizijui. niliona aibu kuuliza.*

Miaka kumi na tano mashine inapita hapo,
haisomi, haisimami.

Chai imepoa. Naweka vyuma viwili,
mataruma mawili, naandika chini yake:

*# hata mimi. nimejua moja.*