Ulikwama Wapi?

Chumba namba 209, Kutaisi, Februari.
Kipasha joto kinakohoa kama mvutaji wa miaka mingi,
projekta imegoma,
na mimi nimetumwa na ofisi ya taaluma
kuwafunza walimu wangu wa zamani kufundisha
zama hizi za akili mnemba.

Tulialika hamsini. Wamekuja saba.
Lamara wa fasihi amekuja na sweta anayoifuma,
hainui macho: "Endelea, binti, masikio yangu hayana kazi."
Nodar Kvirkvelia, profesa wa madaraja,
amekuja na bahasha. Insha thelathini na moja.
Akazimwaga mezani kama mchele wa kuchambuliwa.

"Tafuteni kokoto. Hamna!
Mwaka jana Beso alishindwa kuandika neno 'mhimili',
mwaka huu anaandika kama waziri.
Niambie, wewe uliyetumwa:
namsahihisha nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na slaidi.
Ya nne ilisema *Fursa*,
ya kumi na nne ilisema *Suluhisho*,
na projekta, kwa huruma zake, ilikuwa bado imegoma.

Nikamwomba swali lenyewe.
Alilijua kwa moyo, kama jina la mamaye:
*Taja sababu tano za daraja kubomoka, na ueleze kila moja.*
Nikaliandika kwenye kompyuta yangu.
Akavua miwani aipanguse;
alipoirudisha usoni, jibu lilikwisha fika,
sababu tano, na ya sita ya bakshishi.

Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena.
Tukasikia sindano za Lamara.
"Ningempa themanini na tisa," akasema.
Kisha, kwa sauti ya mtu asomaye kaburi la jamaa:
"Swali hili nililitunga mwaka wa themanini na saba.
Halikufa leo.
Lilikufa zamani. Leo ndio limenuka."

Kazi yangu ilianzia hapo,
wala haikufanana na ile ya kwenye mkataba.
Tulibishana hadi chai ikaganda utando,
hadi mlinzi akaja kututikisia funguo.
Tupige marufuku? Lamara akacheka:
"Nilipokuwa na miaka ishirini walipiga marufuku vitabu vinne.
Nilivisoma vyote."
Programu ya kunusa wizi? Ilimnyooshea kidole Eteri,
aliyeandika kwa kalamu, mbele ya macho yetu.

Aprili, Nodar akaweka viti viwili
kwenye dirisha linalotazama mto Rioni.
Njoo na jibu la mashine, alisema, sijali.
Dakika kumi kila mtu, na swali moja:
ulikwama wapi?

Beso alinyamaza dakika nne.
"Sikukwama, mwalimu. Sikwenda popote.
Usiku nafanya kazi kwenye tanuri la mikate.
Niliiambia iandike, nikalala."

Mto ukapita. Nodar akafunga daftari la alama.
"Tanuri lenu lina tao?"
"Lina."
"La matofali?"
"La matofali."
"Kwa nini halikuangukii?"

Na Beso, ambaye hana neno 'mhimili',
akainua mikono yake yenye unga kwenye kucha,
akaegemeza kiganja kwa kiganja,
akasukuma,
akasukuma tena,
akatazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.
Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini na tano.
Foleni mlangoni ikaanza kunung'unika.

Sisemi mambo yalinyooka. Wawili walifeli.
Lamara hakubadili hata nukta, sweta ikaisha.
Nodar aliugua mgongo kwa kukaa kile kiti.

Juni, mkuu wa kitivo akataka ripoti.
Nikamwandalia kurasa kumi na mbili,
safi, hazina kokoto.
Nodar aliisoma amesimama juu ya ngazi,
miwani kwenye paji la uso.
"Nzuri," akasema, akanirudishia.
"Na wewe je? Ulikwama wapi?"

Ngazi za jengo lile zina vidato arobaini na viwili.
Nilivihesabu vyote nikishuka,
kimoja kimoja,
na chini kabisa nikageuka, nikaanza kupanda.