Kunjo la Bonde

Miaka thelathini na mmoja nilikata ngozi za viatu
kiwandani Zlín, meza ya tatu kutoka dirishani.
Ngozi ina huruma: ukikosea unaivuta,
unailowesha kidogo, inakubali.
Karatasi haina huruma hiyo.
Karatasi hukumbuka kila mahali ilipokunjwa,
na ukiinyoosha, kovu linabaki, jeupe,
kama njia ya nywele kichwani.

Leo nina manila mbili, wembe mpya,
rula ya chuma, gundi inayonuka siki,
na sindano butu ya kufumia sweta,
ya kuburuzia mstari kabla ya kukunja.
Theluji imefunga barabara ya juu. Redio nimeizima.
Naijenga nyumba ya mama.

Kanuni ni moja tu, nayo ni kaidi:
kinachosimama kadi ikifunguliwa
sharti kilale chote kadi ikifungwa.
Paa lisichungulie nje ya ukingo.
Bomba la moshi lisizidi.
Nyumba nzima, jiko la vigae, ngazi,
kitanda tulicholala wawili,
nyayo baridi za Vlasta mgongoni mwangu,
yote iingie katika unene wa ukucha.

Hapa kunjo la mlima, hapa kunjo la bonde.
Mlima unakujia, bonde linakukimbia.
Ukichanganya, ukuta unazama ndani
na nyumba inakuwa shimo.
Ya kwanza ilikuwa shimo.
Ya pili ilisimama vizuri, ikakataa kulala;
nikaikandamiza kwa kiganja, ikararuka penye dari.
Ya tatu niliitia gundi pasipotakiwa,
ikafungika moja kwa moja
kama mdomo wa dada yangu.

Miaka tisa.
Tusidanganyane, mimi ndiye niliyetia saini.
Yeye alikuwa Olomouc na mtoto mgonjwa,
mnunuzi alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na deni,
na kalamu ilikuwa mezani.
Baadaye nikampelekea nusu yake kupitia benki
bila hata mstari mmoja wa maneno.
Pesa zilirudi. Zote, hadi koruna ya mwisho.

Ya nne, basi.
Madirisha manne, madogo kama dengu.
Nakata pande tatu, wa nne nauacha:
huo ndio bawaba, huo ndio unaoshika.
Ukikata pande zote nne huna dirisha,
una chembe ya karatasi sakafuni.
Mti wa plamu nauchonga kwa ncha ya wembe, pumzi nimeibana.
Mlango nauchora tu kwa penseli.
Mkono ulikataa kuukata.

Nafungua: nyumba inainuka.
Nafunga: inalala.
Nafungua, nafunga, mara ishirini,
kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.
Siandiki neno. Nabandika stempu.

Februari. Machi. Theluji ikawa matope.
Bahasha ikaja, na mwandiko ule unaoinamia kushoto.
Ndani, kadi yangu mwenyewe.
Nikasema, haya, kama zile pesa.
Nikaiweka juu ya friji siku mbili.

Siku ya tatu niliifungua
nione tu kama gundi ilishika.

Gundi ilishika.
Ila mlango ulikuwa umekatwa.
Kwa mkasi wa kucha, nadhani, tena vibaya,
kingo zimechanikachanika,
fundi yeyote wa kiwandani angeona haya.
Pande tatu. Wa nne ameuacha.
Nikausukuma kwa ncha ya sindano,
na nyuma yake, kwa penseli, herufi ndogo:
“Bomba la moshi lilikuwa kushoto.”

Nimetandaza manila nyingine mezani.
Wembe upo, rula ipo.
Lakini kushoto kwa nani:
kwa anayetazama kutoka barabarani,
au kwa aliyelala kitandani, upande wa ukutani,
upande wake?
Itabidi nimuulize.