Saa Moja Isiyofika

Exeter, Desemba. Saa mbili kasoro robo asubuhi,
na dirishani bado ni giza la kukaba.
Mama alinifunza kuhesabu hivi: jua likichomoza, anza moja.
Hapa nimeimaliza ya kwanza bila jua,
ya pili nayo inaelekea ukingoni,
nikiwa na chai iliyopoa
na sayari iliyokufa mikononi mwangu.

Imekufa saa nane usiku.
Kompyuta kuu iliandika mstari mmoja,
*upepo umezidi kipimo, kisanduku 4006*,
kisha ikanyamaza kama mtu aliyeshatoa ushahidi.

Haina jina, ina namba. Mimi nimeiita Chapati,
maana mpishi wake hakuigeuza:
upande mmoja umeikodolea nyota hadi ukaungua,
upande wa pili ni unga mbichi tangu enzi.
Tumeikata hewa yake vipande vipande,
kila kisanduku na joto lake, mvuke wake,
na deni lake kwa jirani,
kwa kuwa upepo ukitoka hapa lazima upokelewe pale,
hata chembe isipotee njiani.
Hesabu ni zile zile zinazotabiri manyunyu ya mto Exe.
Tumebadili uvutano. Tumebadili rangi ya nyota.
Tumeondoa bahari, tukaona huruma, tukarudisha nusu.

Jumapili Mama alipiga kutoka Ilongero.
"Hiyo sayari yenu ina watu?"
Nikasema hatujui.
"Basi mnampimia nani mvua?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alitaka kujua apande alizeti sasa au angoje,
nami, mwenye kompyuta yenye ukubwa wa ghala,
nikafungua ramani, nikatafuta Singida:
kisanduku kimoja, kilomita sitini kwa sitini,
ndani yake shamba lake, shamba la Ntandu,
mnada, zahanati, kilima cha mawe,
vyote vikilowa sawasawa, kwa wastani.

Mwaka jana ilinyesha kwa Ntandu ikakomea kwenye ua wa minyaa.
Mama alisimama upande mkavu
akisikia harufu ya udongo wa mwenzake.
Ua ule hatuna. Ua ule haumo kwenye modeli.

Morwenna Pascoe anaingia akichuruzika,
baiskeli yake imekunywa mvua ya kilima kizima.
Haniamkii. Anavuta kiti, anashuka mistari ya zamani,
iliyoandikwa na watu waliokwisha staafu,
chini, chini zaidi, hadi anagonga kioo kwa ukucha:
*siku = sekunde 86,400*.

Ndiyo hiyo. Mtu fulani, zamani, bila kuwaza,
aliandika kwamba kila dunia hupambazukiwa.
Na sisi tukaipeleka alfajiri
mahali ambapo hakuna saa moja,
jua la uongo likizunguka juu ya unga mbichi,
upepo ukikimbia kuliwahi, hadi ukapasuka.

Tunafuta. Tunaanzisha upya.
Morwenna anakamua soksi kwenye pipa la karatasi.
Polepole, pale mchana unapogusana na usiku,
pete nyembamba ya mawingu inajichora,
na chini yake rangi ya samawati tuliyokubaliana iwe mvua.
Hakuna anayesema kitu.
Kunanyesha, mahali pasipo na mtu wa kuanua nguo.

Saa mbili na dakika kumi. Jedwali linasema jua limechomoza Exeter.
Nachungulia. Kijivu tu, kimepauka kidogo.
Simu inatetema mezani. Kwa Mama ni saa tano,
ameshatoka shamba, ameshanawa miguu.
Maneno mawili:

*Nimepanda nusu.*

Nayasoma mara tatu.
Kisha nampa Morwenna simu, namtafsiria,
naye anaitazama pete yetu ya samawati, kisha simu,
akauliza nusu ipi.