Jibu kwa Abiria wa Kiti 14C

Bwana Zahor,
barua yako ya kurasa tatu imefika mezani kwangu, Seeb,
ghorofa ya pili, dirisha linalotazama njia ya kurukia.
Umeandika Kiswahili, ndiyo maana wamenipa mimi,
Ghaniya, niliyelelewa kwa lugha hii huku Al Khoudh.
Wamenipa na jibu tayari, la kunakili:
"Usalama wenu ndio kipaumbele chetu."
Nimelifuta. Umeshalisikia mara nne
ukiwa umefungwa mkanda pale Sohar,
simu imebakiwa na chaji asilimia sita.

Basi nakueleza kilichotokea.

Saa kumi na dakika sita jioni, Agosti,
wingu lilikuwa juu ya Hajar, jeupe, halina makeke.
Mvua ikaanza kushuka, ikakauka njiani,
haikufika chini hata tone.
Ubaridi wake ndio uliofika. Hewa iliyopoa ni nzito:
ilidondoka kama gunia lililokatwa kamba,
ikagonga ardhi, ikatawanyika kila upande.

Ndani ya pua ya ndege mna jicho.
Huona matone na chembe zinavyokimbizana mbele,
likaonya mapema.
Siku ile hewa ya chini ilikuwa kavu. Jicho halikuona neno.
Akabaki mlinzi wa pili, asiyeona mbele,
anayejua tu akishaingia.

Kwanza upepo wa uso ukawainua. Mwenyewe umeandika:
"Ndege ilijaa nguvu, nikamshukuru Mungu tunafika."
Huo ndio ulaghai wake, Bwana Zahor.
Unakupa, unakupa, kisha uko mgongoni
unadai vyote kwa sekunde kumi.

Futi mia nne.
Sauti ikasema neno lake mara tatu. Taa nyekundu.
Kanuni ya hapo haina "labda."
Haimwambii rubani atazame saa,
wala akumbuke nani amefiwa.
Injini zote, mpaka mwisho. Pua juu.
Magurudumu yaache yalivyo, mabawa yaache yalivyo,
usibadili kitu mpaka utoke.
Hakuomba ruhusa kwetu. Hatakiwi kuomba.
Aliyeziandika sentensi fupi namna ile
naamini aliziandika baada ya kuhesabu viatu.

Wewe uliiona ardhi ikikaribia,
uliona hadi michirizi ya matairi kwenye lami,
kisha ikakuacha.
Umeandika: "Mmeninyima konzi tatu za mchanga."
Dada yako Sabaha alizikwa Nizwa baada ya Magharibi.
Ninyi mliteremka Seeb saa mbili u nusu usiku.

Hapa kanuni imekwisha, mimi sijamaliza.
Ningeweza kukwambia heri nusu shari;
lakini msiba haukatwi nusu, nami sina kisu hicho.
Ningeweza kukutajia safu yako:
14A, mwanafunzi; 14B, mtoto aliyelala safari nzima
mdomo wazi, kiatu kimoja kimemvuka.
Sina haki ya kukuwekea mtoto wa watu mapajani
ili unyamaze.

Fomu ya fidia ina visanduku vinne:
mzigo, chakula, kuchelewa, lugha ya mhudumu.
Nimechora cha tano kwa kalamu,
nikaandika: udongo.
Mkuu wangu atauliza. Aulize.

Ndege yako ya kurudi Dar ni Alhamisi, saa nne asubuhi.
Nimekuwekea dirisha, upande wa kulia.
Nizwa haitaonekana, ni mbali, na vumbi la mwezi huu
halina adabu. Milima lakini utaiona.
Hivi ninavyoandika, upepo ni mafundo manane,
kutoka kaskazini mashariki.
Bendera ya uwanjani imejaa nusu.
Naitazama tangu asubuhi.