Stakabadhi ya Siku ya Kumi na Tisa

Siku thelathini, imesema sheria, na hakuna atakayeulizwa.
Mimi ndiye mwenye kalamu.
Meza tumeiazima shuleni, ina majina ya watoto
yaliyochongwa kwa ncha ya bikari,
na juu ya majina hayo watu wa mji wetu, kando ya Morava,
wanaweka walichokuwa wakilala nacho.

Bastola ndani ya soksi.
Gobore la babu, mtutu umeoza.
Mwalimu mstaafu kaleta bomu la mkono
ndani ya chupa ya pilipili za siki, na siki bado imo.
"Nilidhani litakula kutu," akasema. "Limekataa."
Tukatoka chumbani wote, kwa ncha za vidole,
tukasimama mvuani kama wezi.

Ljubinka alikuja siku ya kumi na tisa.
Bunduki ya marehemu kaifunga kwa kitambaa cha meza,
kile cha sikukuu, chenye doa la divai.
Hakulia. Aliuliza ina uzito gani,
kama mtu aliyeleta nyama kuuza.
Nikaandika: moja, ndefu, risasi kumi na moja.
"Zilikuwa kumi na mbili," akasema.

Hakuna atakayeulizwa.
Sikuuliza.

Mwanawe yuko Ohio. Huko, kasimulia,
zinauzwa duka moja na ndoano za samaki.
Mjukuu wake wa miaka sita anafunzwa darasani
kujikunja chini ya dawati na kunyamaza.
Ananyamaza vizuri sana. Mwalimu kampa nyota.

Binamu yangu kaolewa Hokkaido.
Mumewe anawinda dubu, na kila mwaka polisi
huja kumhesabia risasi moja moja,
huenda hata kwa jirani: je, usiku wanagombana?
Huko huulizwa kila kitu.
Sisi tumeahidi kutouliza.
Nimeshindwa kujua ahadi ipi nzito.

Zivadin hajaja.
Mkahawani anasema silaha ni mbwa wa nyumba,
haimng'ati mwenyewe.
Mkewe huvaa mikono mirefu mwezi wa Julai.
Najua anazo mbili.
Nimemwachia mstari kwenye daftari.

Juma lililofuata Ljubinka akarudi,
si kudai bunduki. Mkanda wake tu,
ule wa ngozi, lango la zizi halifungi.
Sheria haina safu ya mikanda.
Nikafungua ghala, nikaukata kwa kisu cha mkate,
naye akaukunja mfukoni bila kunishukuru,
na ndivyo ilivyostahili.

Leo ni ya thelathini. Saa tano na nusu usiku.
Askari kasinzia, kofia magotini.
Ng'ambo ya barabara taa ya Zivadin inawaka,
na kuna mtu dirishani, sioni kama ni yeye au mkewe,
ameshika pazia,
halifungui,
halifungi.