Godoro la Mama Lafumuliwa

Kaka yangu Yoeli alitaka kisu.
Mimi nilitaka fundi.
Tulibishana hadi adhuhuri, vumbi la Septemba
likikatiza uani Chang'ombe kama mtu mwenye haraka zake,
kisha tukalikunja godoro, tukalifunga kamba,
likapanda bajaji peke yake, limekaa kitako.
Sisi tulifuata kwa miguu.

Fundi Machite hakuuliza nani amekufa.
Aliweka kiganja, akabonyeza, akangoja.
"Kilo ishirini. Tatu kati ya hizo ni jasho."
Kwa wembe alikata uzi, si kitambaa.
Uzi wa katani. Akauvuta, akaung'ata, akauachia.
"Huu utatuzika sote. Ila usilalie katani tupu,
itakuuliza maswali usiku kucha."

Chini kabisa, makumbi ya nazi,
mekundu, yamejisokota kama nywele za asiyechana,
yaliyopanda treni kutoka pwani kabla sijazaliwa.
Hayabonyei. Ndiyo mifupa ya godoro, alisema,
na nani aliwahi kudai mifupa iwe laini?

Juu yake pamba ya Manyoni,
mabonge mabonge, magumu kama viazi.
Pamba hushikana mikono, kila uzi na jirani yake;
ikishanywa jasho husahau kuachiana.
Dawa yake jua na fimbo:
ichambue, ianike, ichape,
itaumuka hadi ukose pa kuiweka.
Mlikuwa na ramani za manjano mle.
Lile bara kubwa ni langu.
Kisiwa kile, Yoeli hakukitazama.

Halafu sufi.
Hapo fundi alifunga mlango, akazima feni,
akatufunga vitambaa puani,
maana sufi haina adabu mbele ya upepo.
Nilipoishika nilitazama mkono kuhakikisha.
Haisokoteki, alisema. Inateleza, haimshiki mwenzake,
haitoi kamba, haitoi shuka;
inajua kukaa ndani ya kitu na kukataa maji, basi.
Baba aliileta kutoka Mpwapwa mwaka wa njaa, magunia mawili,
na mama alimsema wiki nzima:
mtu ameagizwa mtama!

Yoeli alizamisha mikono hadi viwikoni.
Alikuwa anatafuta. Sote tulijua.
Miaka ile, mama akiulizwa ada iko wapi,
alipigapiga godoro: "Iko humu."
Akapekua sufi, akapekua pamba,
akafika kwenye mifupa.
Aliinuka mweupe nyusi na kope,
mzee kwa dakika moja,
na kiganjani mbegu nyeusi saba, kama pilipili manga.

"Magunia mawili, mlisema?" Fundi alikuwa akipima.
"Humu hamna hata moja."
Akageuza upande wa ukutani, alikolala yeye.
Sufi haikuwepo. Palikuwa na maganda ya mahindi,
yamechanwa membamba, kwa kucha, kwa subira,
yakilia kama karatasi.
Alipapasa mshono kwa kidole gumba.
"Umefunguliwa, ukarudishwa. Mara nne."

Kidato cha kwanza. Cha pili.
Yoeli alikaa juu ya balo la pamba.

Bei ikapangwa hata hivyo:
makumbi yarudi yalivyo,
pamba ichapwe, iongezwe kilo mbili,
sufi iliyogeuka unga itupwe, kitambaa kipya cha mistari.
Lipo sponji pia, limeegemea ukuta ndani ya nailoni yake.
"Zuri," alisema fundi. "Hukubeba miaka mitatu,
kisha husahau kuinuka."

"Na huku ukutani? Pamba ni nafuu."

"Sufi," alisema Yoeli.

Fundi akataja kiasi.
Yoeli hakupunguza hata mia, yeye
anayebishana na muuza nyanya;
alihesabu noti kwa vidole vilivyoota manyoya,
na kila noti ilitoka na kaunga keupe
kalikokataa kuanguka.