Kiti cha Mwanjelwa

Ambakisye amevipanga vinne ukutani,
vya mninga, vya zamani,
migongo imenyooka kama ya wageni wa posa.
“Hivi ndugu mmoja. Chukua viwili, sebule itaheshimika.”

Nikakaa. Nikainuka. Nikakaa tena.
Havikulia hata kidogo;
nikavihofia.

Nje, chini ya turubai linalovuja,
cha tano kimebeba debe la viazi:
mguu mmoja mfupi,
kikalio kimebonyea
pale mtu alipokaa miaka
akipukuchua, akinyonyesha, akisinzia.
“Hicho? Kuni hizo, dada.”
Elfu saba. Akanipa na viazi vitatu.

Nimekifikisha Uyole na matope yake.
Sakafu yetu, aliyoimwaga baba kwa jicho tu,
bila pima maji,
inainamia mlangoni.

Nikakitua.
Hakikuyumba.